‘Mzigo wa mkononi’ ni istilahi inayowaponza wasafiri

Istilahi ‘mzigo wa mkononi’ inafaa kuhakikiwa upya. Wafasiri huitumia kwa begi ambalo abiria huingia nalo ndani ya ndege badala ya kulikabidhi lipakiwe tumboni mwa ndege, nayo imeundwa kwa kufuata Kiingereza neno kwa neno. Simu ya mkononi hushikwa mkononi kweli. Begi hili siku hizi lina magurudumu, huburutwa, kisha hupachikwa juu ya kichwa cha abiria. Baya zaidi, istilahi yenyewe humfanya mtu adhani kwamba kigezo ni nguvu zake: nikiweza kulibeba, basi ni la mkononi.

Mashirika ya ndege hupima vitu viwili tofauti, ukubwa na uzani. Wahenga walisema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Methali hiyo huhusu kutojali taabu za wengine, lakini taswira yake ndiyo ninayoihitaji hapa. Kanda la usufi ni kubwa kwa umbo ilhali ni jepesi, hivyo lingepita kwenye mizani na kukwama kwenye kile kipimo cha ukubwa. Begi dogo lililosheheni vitabu (ugonjwa wetu sisi walimu) lingefanya kinyume chake. Neno ‘mzigo’ huashiria uzani tu.

Majuzi nilizunguka Adams Arcade, kwenye Barabara ya Ngong, nikashuka hadi soko la Toi kusikiliza lugha ya wauzaji mabegi. “Hii ni ya kabini, mzee. Inchi 20, inaingia ndege yoyote,” kijana mmoja aliniambia. Wanasarufi watalalamika kwamba begi ni la ngeli ya LI-YA. Mimi sina ugomvi naye. ‘Kabini’ hutaja mahali begi litakapokaa, na kwa hilo muuzaji amemshinda mfasiri.

Dosari imo katika lile neno ‘yoyote’. Inchi 20 ni sentimita 50.8, lakini mara nyingi hicho ni kimo cha sanduku lenyewe bila magurudumu, ilhali mashirika huhesabu magurudumu na mshikio pia. Inchi 22 ni karibu sentimita 56, na mashirika mengi hukomea 55 au 56. Uzani nao? Kenya Airways imekuwa ikimruhusu abiria wa daraja la kawaida kilo 12, Emirates kilo 7. Juni 2015, shirikisho la mashirika ya ndege, IATA, lilipendekeza kipimo kimoja cha sentimita 55 kwa 35 kwa 20. Lilipingwa vikali, hasa Amerika Kaskazini, na pendekezo likasitishwa mwezi uo huo. Kwa hivyo ‘kabini’ haina maana hadi utaje ni ya nani.

Anayeumia si profesa anayekwenda kongamanoni. Ni yule binti anayekwenda kufanya kazi Ghuba, anayeambiwa langoni alipe au afungue begi apunguze vitu, foleni nzima ikimtazama. Kifungu cha 7 cha Katiba ya 2010 kinakitambua Kiswahili kuwa lugha ya taifa na lugha rasmi, na Kifungu cha 46 kinampa mtumiaji haki ya kupata habari anazohitaji ili afaidi huduma anayoilipia. Tangazo la ‘mzigo mmoja wa mkononi’, hata likiwa kwa Kiswahili sanifu, halijampa habari hiyo.

Napendekeza ‘begi la kabini’ kwa lile la juu, na ‘begi la chini ya kiti’ kwa lile dogo, kila moja likiandamana na sentimita, kilo na maneno ‘pamoja na magurudumu’.

Isipokuwa Wilson. Kwenye zile ndege ndogo za kwenda Maasai Mara, abiria huruhusiwa kwa kawaida kilo 15, begi la mkononi likiwemo, na hutakiwa abebe begi laini. Hapo sanduku gumu la inchi 20 litakataliwa, hata muuzaji aliite la kabini.