Bryn Celli Ddu: jua lilivyoelekezewa mlango

Ukiinama kuingia Bryn Celli Ddu, katika kisiwa cha Anglesey kaskazini mwa Wales, mabega yanakaribia kugusa mawe huku na huku. Ujia una urefu wa mita 8 hivi, na mwisho wake kuna chumba cha maziko kilichofunikwa kwa mabamba ya jiwe miaka kama 5,000 iliyopita. Alfajiri ya siku ndefu kuliko zote, karibu na 21 Juni, miale ya jua hupenya ujia mzima hadi chumbani. Mwanaastronomia Norman Lockyer alilisema hilo mwanzoni mwa karne ya 20, wengi wakalipuuza. Miongo mingi baadaye, Steve Burrow wa makumbusho ya taifa ya Wales akalithibitisha.

Watu hustaajabia usahihi wa vipimo. Mimi naona hiyo ndiyo kazi iliyokuwa nyepesi. Kwetu karibu na ikweta, jua halichomozi zaidi ya nyuzi 24 hivi kutoka mashariki kamili. Kule huzidi 40. Likifika ukingoni huko, hulegea: siku kadhaa mfululizo huchomoza pale pale, macho yasione tofauti. Mawingu yakikunyima leo, kesho ipo. Simika kigingi utakapokuwa ukuta wa nyuma, mwenzako asogeze cha pili mpaka kilikinge jua, kisha vuteni kamba, kama fundi anayepima msingi. Ujia wa kiasi kile husamehe kosa dogo.

Ugumu uko kwingine. Jua la huko halipandi wima kama la Mombasa. Hupanda mshazari, likisogea kulia kadiri linavyoinuka. Kwa hiyo lazima mkubaliane kabla: mnapima cheche ya kwanza, au duara zima? Tena mawe husimama kwanza, dari ifuate, udongo uje mwisho. Nani ang'oe mabamba yale kwa sababu mstari umepinda?

Mgeni asilipime tuta la udongo linalofunika chumba, lakini. Lilirundikwa upya baada ya W. J. Hemp kuchimba mwaka 1928 na 1929, nalo ni dogo kuliko la zamani, ambalo lilienea hadi kwenye mtaro unaolizunguka. Hata jiwe lenye michoro lililosimama nyuma ni nakala. Lenyewe liko Cardiff. Kamba yako ifunge ujiani.