Kidevu cha Mwongozaji

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi, mwezi wa Januari, jua la Kilifi lilikuwa halijapata makali. Tuliingia msitu wa Arabuko-Sokoke, mwongozaji mbele, mimi na kamera yangu nyuma. Darubini ilimning'inia shingoni, na kwa robo saa nzima hakuigusa. Alikuwa akisikiliza tu. Akisimama, nami nasimama. Akitaja chozi wa Amani, dakika chache baadaye chozi huyo anatokea, anarukaruka juu kabisa ya mrihi.

Kundi la ndege mchanganyiko likatupita kileleni, ndani yake mna mnana wa Clarke. Ndege huyu alipata jina lake la kisayansi mwaka 1913, lakini kiota chake hakikupatikana hadi 2013, kwenye kinamasi huko Dakatcha. Miaka mia! Hukaa juu sana, na picha yangu ilitoka tumbo la njano na majani.

Kisha mchanga mweupe ukaisha, tukakanyaga udongo mwekundu, mahali pa vichaka vilivyosongamana. Hapa ndipo anapoishi bundi mdogo wa Sokoke, ndege wa kuenea kiganjani, ambaye wanasayansi walimtambua mwaka 1965 tu. Mbali na msitu huu, anajulikana kwenye nyanda za chini za Usambara Mashariki. Pwani yetu bundi husingiziwa nuksi, na mimi naona tumemdhulumu.

Mwongozaji alikuwa amemsikia akilia jioni iliyotangulia, akakariri upande. Sasa aliniacha njiani, akainama, akapenya peke yake, akichungulia kila kichaka kutokea chini. Nilingoja karibu nusu saa, jasho likinitiririka machoni. Aliporudi hakusema neno. Nilimfuata nikikanyaga alipokanyaga yeye, hadi aliposimama na kuelekeza kwa kidevu, maana mkono ukiinuka ndege huondoka.

Niliona majani makavu. Nikatazama tena: majani makavu. Halafu jani moja likawa na jicho, ufa mwembamba wa manjano uliofumba polepole.

Sikutumia mwanga wa kamera. Aliukataza tangu getini. Nilibana pumzi, nikapiga picha tatu, naye akanigusa kiwiko: basi. Tukarudi kinyumenyume. Kabla ya kugeuka, alikirudisha palepale kitawi alichokuwa amekisogeza ili nione.