Mstari Mmoja Kabla Hajazama

Alasiri maji yanapojaa, vijana wa Forodhani, Unguja, hukimbilia ukingo wa ukuta wa bahari na kujirusha. Mchezo huo wanauita makachu. Watu hujazana kuwatazama, na mimi hukaa pembeni na daftari langu na kipande cha mkaa, maana pale ndipo nilipojifunza kuchora mtu.

Kabla ya hapo nilichora watu waliosimama kama nguzo. Nilianza na kichwa, nikaja kwenye macho, ukope mmoja baada ya mwingine, nikateremka shingoni, na kabla sijafika miguuni karatasi imekwisha. Nilijua kwamba mtu mzima ana urefu wa takriban vichwa saba na nusu, nami nilipima kwa uangalifu. Vipimo vilikuwa sahihi, uhai haukuwemo.

Mpiga makachu hakupi nafasi ya kupima. Ukianza na jicho, keshazama. Basi unaanza na mstari mmoja: unatoka kisogoni, unafuata uti wa mgongo uliopinda kama upinde, unapita nyongani, unaishia kwenye vidole vya mguu wa nyuma. Huo ndio mruko wenyewe. Mbavu, mikono na magoti vitakuja baadaye, vikiushikilia mstari huo. Kimon Nicolaïdes, aliyefundisha uchoraji New York na ambaye kitabu chake kilitoka mwaka 1941 akiwa ameshafariki, aliwahimiza wanafunzi wachore kwanza jambo ambalo mwili unalifanya, sura yake ifuate.

Na usidhani mwendo umo katika kuruka tu. Mtazame anayengoja zamu yake. Ameulemea mguu mmoja. Nyonga ya upande huo imepanda, bega la upande huohuo limeshuka, na kiuno kimejikunja katikati. Wachongaji wa Ugiriki walilijua jambo hilo zaidi ya miaka 400 kabla ya Kristo. Ukichora nyonga na mabega katika usawa mmoja, umemnyang'anya uzito wake, na mtu asiye na uzito hawezi kuonekana anataka kuruka.

Kumbukumbu peke yake haitoshi, hata kwa mabingwa. Mwaka 1821 Mfaransa Géricault alichora farasi wa mashindano ya Epsom wakiwa hewani, miguu ya mbele imenyooshwa mbele na ya nyuma imenyooshwa nyuma. Picha alizopiga Muybridge huko California mwaka 1878 zilionyesha kwamba farasi anayekimbia huiacha ardhi pale miguu yake inapokusanyika chini ya tumbo. Kwa hiyo nami hurekodi video kwa simu, na usiku huisimamisha hatua kwa hatua nikilinganisha na michoro ya mchana. Lakini naifungua baada ya kuchora, kamwe si kabla. Picha inajua kila kiungo kilikuwa wapi. Nguvu iliyokisukuma kiungo hicho niliiona mimi, nikiwa pale ukutani.

Anayenitia moyo zaidi ni mchongaji Rodin. Mwaka 1906, akiwa na umri wa miaka 65 na jina lake limeenea Ulaya nzima, aliwaona Paris wachezaji ngoma wa mfalme wa Kambodia. Hakuridhika na siku moja. Aliwafuata hadi Marseille, akachora michoro ipatayo 150 kwa muda wa siku chache. Mzee aliyeuchonga mwili wa binadamu maisha yake yote alikuwa bado na njaa ya kuona mkono unavyopinda.

Nawe ukiwa Unguja, njoo ukutani maji yakijaa. Nunua daftari la bei nafuu, ili usiionee huruma karatasi, na uchore warukaji 50 kabla jua halijatua. Raba iache nyumbani.