Akaunti ya nani? Skrini moja ya Windows 11, kati ya Korogwe na Handeni

Laptop nyingi zinazouzwa Korogwe huwashwa mara ya kwanza na mtu asiye mwenyewe. Mteja anatoka Handeni asubuhi, analipa, anaambiwa "kaa hapo nikupigie Windows", na baada ya saa moja au mbili anakabidhiwa mashine ikiwa tayari. Katikati ya hizo saa kuna skrini moja ambayo mteja haioni, na ndiyo ninayotaka kuikosoa: ile inayodai anwani ya barua pepe kabla mashine haijakuruhusu kuingia.

Windows 11 ilipotoka Oktoba 2021, toleo la Home lilidai intaneti na akaunti ya Microsoft tangu siku ya kwanza. Toleo la Pro likafuata 2022. Njia za panya walizozoea mafundi, za kuandika amri fulani ili kuruka hatua hiyo, zimekuwa zikizibwa moja moja, na mwaka 2025 Microsoft ilisema wazi kwamba inaziondoa kwenye matoleo yake ya majaribio. Akaunti ya ndani, yaani jina na nywila vinavyokaa ndani ya mashine yenyewe tu, bado ipo. Imefichwa tu.

Sasa fundi afanyeje? Mteja hana barua pepe, au anayo lakini alifunguliwa na kijana wa dukani siku aliponunua simu, na nywila haijui. Bando ni la fundi, foleni nayo inasubiri. Basi anaweka anwani yake mwenyewe, ileile aliyoiweka kwenye mashine ya jana na ya juzi. Simlaumu sana. Skrini imeomba anwani, haikuuliza ni ya nani.

Lakini anwani hiyo haitumiki kumtambua mtu tu. Kwenye mashine zinazokidhi vigezo, na toleo la 2024 lililegeza vigezo hivyo, kuingia kwa akaunti ya Microsoft kunawasha usimbaji wa diski: data yote inavurugwa kwa hesabu hadi mtu asiye na ufunguo aone takataka tupu. Ufunguo wa kila siku unalindwa na chipu ndogo ya usalama ndani ya mashine, kwa hiyo wewe huoni tofauti yoyote. Ufunguo wa akiba unapelekwa kwenye akaunti iliyotumika kuingia. Hapa, akaunti ya fundi.

Ufunguo huo wa akiba ni tarakimu 48, na una ufundi mzuri ndani yake. Umegawanywa makundi 8 ya tarakimu sita sita, na kila kundi lazima ligawanyike kwa 11 bila baki. Ukikosea tarakimu moja, mashine inajua papo hapo ni kundi gani lina kasoro. Ukigawanya kila kundi kwa 11 unabaki na namba ya biti 16, na 16 mara 8 ni 128. Idadi ya funguo zinazowezekana ni 2 kwa kipeo cha 128. Mashine ya kujaribu funguo trilioni moja kila sekunde ingehitaji mamia ya mamilioni ya mara ya umri wa ulimwengu. Kwa hiyo anayekwambia "lete, naijua njia" anakudanganya, au anataka kukufutia kila kitu.

Chukua mwalimu wa Handeni. Miaka miwili baadaye madabodi imekufa, ikabadilishwa, na chipu ya zamani imeondoka nayo. Mashine inaomba zile tarakimu 48. Fundi wa Korogwe ameshabadilisha laini, nywila ameisahau, na namba ya simu iliyosajiliwa kurejesha akaunti sasa iko kwa mtu mwingine. Matokeo ya wanafunzi wa miaka miwili yamo humo, mazima kabisa, na hayafunguki.

Kuna ubaya mwingine usiosubiri madabodi ife. Windows ya siku hizi hupenda kunakili Desktop na Documents kwenda OneDrive, yenye nafasi ya bure ya GB 5. Mashine mbili zenye akaunti moja zinachangia ghala moja. Mtihani wa kidato cha pili unaweza kutokea kwenye kompyuta ya steshenari.

Wapo wanaojibu haya yote kwa neno moja: akaunti ya ndani. Hapo nami nasita. Kwenye mashine hizohizo, ukitumia akaunti ya ndani peke yake, ulinzi wa diski haukamiliki. Ni kama kufunga kufuli na kuning'iniza ufunguo pembeni. Mwizi akiichomoa diski anasoma. Na ukisahau nywila, Windows inakurudisha kwa maswali matatu uliyojaza mwanzoni, ambayo naona yalitungwa na mtu anayeishi mahali ambapo jirani hamjui jirani. Mji uliozaliwa? Korogwe. Shule ya kwanza? Mtaa mzima wa Manundu unaijua. Jina la binamu yako mkubwa? Kwanza tukubaliane binamu ni nani, maana mtoto wa baba mkubwa kwetu ni kaka, si binamu. Kutoka 2 kwa kipeo cha 128 tumeshuka hadi makisio ya shangazi yako.

Hata hivyo, kwa mashine inayofunguliwa na fundi, naichagua akaunti ya ndani. Kusahau nywila ni tatizo ambalo data yako inaweza kulivuka, hasa diski ikiwa haijafungwa. Ufunguo uliopotelea kwenye barua pepe ya mtu mwingine hauna dawa. Kwenye Pro, ukichagua kwamba mashine ni ya kazi au shule, kisha kwenye njia za kuingia ukachagua kujiunga na domeni, unapewa nafasi ya kuweka jina na nywila vya ndani. Majibu ya yale maswali matatu si lazima yawe ya kweli. Andika unachotaka, mradi ukitunze. Ukishakuwa na barua pepe yako, ambayo nywila yake unaijua mwenyewe, unaweza kuhamia akaunti ya Microsoft ukiwa nyumbani, ukatoa zile tarakimu 48 na kuziandika kwenye daftari lisilokaa begi moja na laptop.

Na kama mashine ulishaichukua, fungua Mipangilio, sehemu ya akaunti, usome anwani iliyoandikwa chini ya jina. Ikiwa ni ya fundi, usikimbilie kuiondoa. Kwanza mpigie aingie kwenye akaunti yake, akusomee ufunguo wa mashine yako, uuandike. Nakili kazi zako kwenye flashi. Halafu ndiyo ubadilishe, angali anapatikana kwa namba ileile.