Gunn alimshikisha Luthor mpini

Sehemu ya ujumbe uliohifadhiwa kwenye Ngome ya Superman ilikuwa imeharibika, na laiti James Gunn angeiacha hivyo hivyo. Mliona wenyewe kwenye Superman ya 2025. Luthor anavamia Antaktika akiwa na Engineer na yule bubu mwenye barakoa, maroboti yanabomolewa, mbwa Krypto anachukuliwa, kisha Engineer anautumbukiza mwili wake wa chembechembe za mashine ndani ya mtambo na kuichomoa nusu ya pili ya ujumbe wa Jor-El na Lara, wazazi wa Superman. Nusu ya kwanza Superman, yaani Clark, ameisikiliza miaka yote: tunakupenda, tunakutuma Dunia ukafanye mema. Nusu ya pili inamwambia watu wa huko ni dhaifu, awatawale bila huruma, aoe wake wengi kadiri awezavyo ili damu ya Krypton isikatike. Muda si muda Luthor yuko kwenye televisheni na Metropolis nzima imegeuka.

Sikuona uamuzi mbovu kuliko huo katika filamu za mashujaa za mwaka 2025, na nasema hivyo nikijua kwamba filamu yenyewe ni nzuri. Corenswet anafaa kuwa Superman, Hoult anatisha akiwa Luthor, mahojiano ya Lois na Superman yanaanza kwa mahaba na kuishia kwa moto, Krypto ni balaa, na ile chupi nyekundu imerudi mahali pake. Basi, sifa zimekwisha.

Wapo watakaodhani kinachoniuma ni kwamba vitabu vya katuni vimeguswa. Sivyo. Wazo la mtoto wa sayari ya mbali aliyeletwa hapa aje kututawala limetumika mpaka limechakaa. Goku wa Dragon Ball Z alitumwa kuwaangamiza wanadamu, akagonga kichwa, akasahau. Kwenye Smallville, katika kipindi cha "Rosetta" cha mwaka 2003, Clark anafikishiwa maneno ya baba yake mzazi kwamba wanadamu wana kasoro na awatawale kwa nguvu, na anayemfikishia si mwingine bali Christopher Reeve mwenyewe, Superman wa 1978. Omni-Man wa Invincible alijenga familia nzima juu ya siri hiyo. Halafu kuna Brightburn ya 2019, ambamo chombo kilichomleta mtoto shambani kinamnong'oneza auchukue ulimwengu. Brightburn iliandikwa na Brian Gunn na Mark Gunn, ndugu na binamu wa James, na James mwenyewe ndiye aliyekuwa mtayarishaji. Kwa hiyo tusiambiwe huu ni ujasiri. Ni kiporo cha nyumbani kwao kilichopashwa moto. Na kule Brightburn kilifaa, kwa sababu ile ni filamu ya kutisha na mtoto anatii.

Twende kwenye ufundi. Luthor wa filamu hii ni mghushi wa kupindukia. Hammer of Boravia ni mtu wake aliyevishwa chuma. Mtu huyo huyo, Ultraman, yule bubu wa barakoa, ni kloni wa Superman. Ana nyani waliofungwa mbele ya kompyuta wanaomtukana Superman mtandaoni usiku na mchana. Ukishamwandaa adui namna hiyo, kisha ukamwonyesha akitangaza ujumbe ambao hakuna aliyewahi kuusikia, kila aliye ukumbini atasema kwa sauti: ameutengeneza huyu! Tunakaa tukisubiri uongo ufichuke. Hautafichuka. Filamu inasisitiza kwamba wataalamu wameukagua, na Gunn amerudia kwenye mahojiano kwamba ujumbe ni wa kweli. Kama alitaka tuamini, angewaondoa nyani. Kama aliwataka nyani, angetupa dakika moja ya mtu mwema akiupima ujumbe mbele yetu na kuinamisha kichwa. Na mtu wa kuupima alikuwepo! Mister Terrific ni miongoni mwa wenye akili kubwa kabisa katika ulimwengu wa DC, na anachezwa na Edi Gathegi, mzaliwa wa Nairobi, ambaye mwaka 2011 X-Men: First Class ilimuua mapema akiwa Darwin, mtu ambaye kipaji chake chote kilikuwa kutokufa. Hilo sijalisamehe na sitalisamehe. Safari hii wamempa pigano la ufukweni, ambalo ni tamu, lakini swali zito kuliko yote katika hadithi halimhusu.

Halimhusu hata Clark mwenyewe. Angalia hasira yake inakokwenda. Anaikuta Ngome imevurugwa, anafika ofisini kwa Luthor kama kimbunga, anapindua meza, na anachodai kwa sauti ya juu kabisa ni mbwa. Nampenda Krypto. Lakini mtu amejua kwamba wasia wa wazazi wake, uliomfanya avae joho na kuitwa shujaa, ulikuwa na mkia wa sumu, na filamu haimpi nafasi ya kukaa peke yake mbele ya sura za wazazi hao, ausikilize wote mpaka mwisho, na awajibu. Anamuaga Lois wakati mashujaa wa Justice Gang wanapigana na jinamizi fulani nyuma ya dirisha, anajisalimisha, anafungwa kwenye ulimwengu wa mfukoni, anakutana na Metamorpho, kriptonaiti, mto wa ajabu, shimo jeusi. Tunapofika Kansas, jeraha limeshafukiwa chini ya vifusi vya teknolojia. Mtafsiri wa kibanda umiza, awe Lufufu au DJ Afro, asingevumilia: angemtia stelingi maneno mdomoni pale pale, amlalamikie baba yake hadi kina mama waliokaa nyuma watoe leso.

Mzee Kent, baba aliyemlea Clark, kwa haki yake, anasema vizuri. Pruitt Taylor Vince, anayemwigiza, anamwambia kijana kwamba kazi ya wazazi si kumwamulia mtoto atakavyokuwa, na kwamba anachokichagua na kukitenda ndicho kinachomfanya kuwa yeye. Nilimuelewa. Ila maneno hayo yanataka mzani wenye uzito pande zote mbili, na Gunn ameweka upande mmoja mzee mwema wa kijijini na upande mwingine madikteta wawili. Hapo kuna la kuchagua? Mtoto wa darasa la tatu angefaulu mtihani huo.

Donner aliutunga mtihani huu kwenye Superman ya 1978, na aliutunga vizuri. Jor-El wa Marlon Brando anamkataza mwanawe kuingilia historia ya wanadamu. Jonathan Kent wa Glenn Ford, kabla moyo wake haujasimama njiani karibu na nyumba, anamwambia kwamba yuko hapa kwa sababu fulani. Baba wawili, wote wema, wote wamekwishakufa, na wote wana hoja. Kisha Lois anafukiwa ndani ya gari. Reeve anapiga ukelele ule, anapaa, na angani sauti mbili zinagombana kichwani mwake, ya baba wa Krypton ikikataza na ya baba wa Kansas ikimkumbusha. Anamchagua mkulima. Yaani lile lile analolitaka Gunn, kwamba malezi yashinde damu, lilikwisha kufanyika miaka arobaini na saba kabla yake bila kumchafua mzazi yeyote. Lilikuwa na gharama pia, kwa sababu Superman alilazimika kumwasi mtu mwenye hekima aliyempenda. Mnaweza kuicheka fizikia ya kuizungusha Dunia kinyumenyume. Mimi pia naicheka. Lakini uandishi wa uamuzi ule haukuwa na mchezo.

Na baba huyo wa Donner hakuishia kukataza. Picha za Brando ziliondolewa kwenye Superman II ya 1980 kwa ugomvi wa fedha, Lara akawekwa badala yake, na ilibidi tungoje mpaka 2006 litoke toleo la Donner ndipo tuone: mwana amepoteza nguvu zake kwa ajili ya mapenzi, anarudi Ngome akiwa amepigwa na kudhalilika, na Jor-El anatumia nishati yake ya mwisho iliyobaki ili kumrudishia. Anakufa mara ya pili kwa ajili ya mtoto yule yule. Ukitoka hapo ukaja kwa Bradley Cooper, Jor-El wa Gunn, akihimiza wake wengi, unaona kabisa umeshushwa ngazi.

Wazo la Krypton kuitawala Dunia lina mahali pake, na mahali pake panaitwa Zod. Terence Stamp, Zod wa Superman II, alilibeba kwa kunyanyua kidevu tu. Hata Zack Snyder, ambaye bado namdai kwa kile kimbunga cha filamu yake ya 2013 kilichomchukua Jonathan Kent wa Kevin Costner huku mwanawe mwenye uwezo wote amesimama anatazama, alilijua hili. Alimpa Zod ukoloni, akamwachia Jor-El wa Russell Crowe matumaini. Ndani ya Krypton moja kukawa na mvutano, kama ulivyo katika nchi yoyote ya kweli. Kwa Gunn, sayari nzima inasimama na sauti moja, na sauti hiyo ni ya wavamizi.

Hapo ndipo kosa la ufundi linapogeuka kuwa kubwa zaidi. Hoja ya Luthor tangu mwanzo ni kwamba mtoto wa nyoka ni nyoka: huyu ametoka nje, kwa hiyo ni hatari. Filamu inataka tumkatalie, na tunamkatalia kwa moyo wote. Kisha filamu hiyo hiyo inamwacha afukue, na anachokifukua ni nyoka kweli. Kila alichokishuku kuhusu asili ya Superman kimethibitika. Amekosea kuhusu kijana tu. Mwandishi amemshikisha adui mpini, kisha anamshangaa anapokata.

Kabla filamu haijatoka, Gunn alisema Superman ni kisa cha mhamiaji. Vizuri, tumpime kwa kipimo chake. Mashtaka ya zamani kuliko yote dhidi ya mgeni ni kwamba wamemtuma aje atawale na kuchukua wanawake. Yeyote mwenye ndugu Minneapolis au London ameshasikia toleo lake. Filamu imeyachukua mashtaka hayo, ikayaweka kwenye kinywa cha wazazi wenyewe, na kuyapiga muhuri kuwa ni ya kweli. Mhamiaji anaokoka kwa namna moja tu: aitupe picha ya kwao, atundike ya wenyeji. Ndiyo maana lile tukio la mwisho, maroboti yanapoweka video za nyumbani za akina Kent badala ya ujumbe wa Krypton, lilinigusa na kunikera kwa wakati mmoja. Pembeni niseme pia kwamba kichekesho cha wake wengi kilikwama mahali fulani kati ya Hollywood na huku. Kwetu wapo watazamaji ambao babu zao walikuwa na wake wanne na hawakuwahi kutawala hata kijiji.

Jerry Siegel na Joe Shuster walikuwa vijana wa Cleveland, watoto wa Wayahudi waliohama kutoka Ulaya, na Superman wao alipotokea kwenye Action Comics namba moja mwaka 1938, wengi waliona humo kisa cha Musa: mzazi asiye na namna anamtia mtoto chomboni na kumwachia rehema za wengine. Gunn alikwenda kupiga picha Cleveland hiyo hiyo kwa heshima zote. Lakini hakuna aliyekipekua kile kikapu cha Mto Nile akakuta barua ya Yokebedi ikimwamuru mtoto aiteke Misri. Kisa kinasimama kwa sababu aliyemwachilia mtoto alimpenda, na hakudai kitu. Ukiliondoa hilo, kitendo cha kumtuma mtoto kinakuwa operesheni ya kijeshi.

Man of Tomorrow, filamu ya Gunn inayofuata ya Superman, imepangiwa tarehe 9 Julai 2027, na Luthor na Superman watalazimika kufanya kazi pamoja. Mashabiki tayari wana nadharia kwamba Brainiac, adui mwingine wa Superman, ndiye aliyeuchezea ujumbe, na wanaomba uamuzi huu ufutwe kwa njia hiyo. Mimi siombi hivyo. Ukisema leo ulikuwa wa kughushi, maneno ya Mzee Kent yatakuwa yamesemwa bure, na sisi tutakuwa tumedanganywa mara mbili. Gunn aliuandika, aubebe. Amrudishe Clark Ngomeni, mbwa awekwe nje, sauti zizimwe zote isipokuwa za wale wawili, ausikilize ujumbe kuanzia neno la kwanza mpaka la mwisho, na safari hii amjibu baba yake.