Kigango Bila Miviga: Ubeberu wa Kitamaduni Pwani ya Kilifi

Mtahiniwa anapoulizwa kuhusu ubeberu wa kitamaduni, aghalabu hutaja yanayoingia: filamu za Marekani, muziki wa kufokafoka, suruali za jinzi. Hoja hiyo si potovu, ila ni nusu. Ubeberu huonekana pia katika yanayotoka. Mfano mwafaka tunao hapa Kilifi na Malindi: vigango vya Wamijikenda.

Kigango ni nguzo ya mbao iliyochongwa, inayosimikwa kwa heshima ya marehemu aliyekuwa mwanachama wa Gohu. Marehemu huwajia jamaa zake ndotoni akilalamika. Ndipo nguzo huchongwa na kusimikwa kwa sadaka na maneno ya wazee. Basi kigango ni kifaa cha miviga: kina mahali, wakati, watendaji na hadhira yake. Hakihamishwi hata ukoo unapohama.

Mwaka 1985, mwanaanthropolojia Monica Udvardy, Mmarekani, alimpiga picha mzee mmoja kando ya vigango viwili vya nduguze. Punde vikaibwa. Kimoja kilionekana baadaye katika jumba la makumbusho huko Illinois, cha pili katika Chuo Kikuu cha Hampton, Virginia. Kufikia mwaka 2007, vyote viwili vilikuwa vimerejeshwa. Jumba la makumbusho la Denver nalo lilikuwa limepokea vigango 30. Miongoni mwa waliovitoa ni mwigizaji Gene Hackman. Kinaya kilioje! Filamu za Hollywood zaletwa kwetu, vigango vyetu vyapelekwa Hollywood kuwa mapambo.

Hata hivyo, usimlaumu mgeni peke yake. Baadhi ya walioviiba walikuwa vijana wa papa hapa, waliosukumwa na ufukara. Tena Udvardy ndiye aliyevitambua vilivyopotea na kupigania virudi. Jibu linalosema tu kwamba "Wamarekani wanatuharibia utamaduni" halitapata alama za juu, wala halistahili.

Unapochambua maudhui haya, jiulize: Ni nani anayekipa kitu thamani? Ni nani anayekiuza, na kwa nini? Je, maneno yaliyoandamana nacho bado yanajulikana? Swali la mwisho ndilo zito zaidi. Kigango kilichorudi bila miviga yake ni gogo lililochongwa tu, kiwe Denver au Kilifi. Kwa hivyo, mwalimu, utafiti wa nyanjani usiishie kwenye ufafanuzi ubaoni. Watume wanafunzi wako kwa wazee wangali hai, wakasikilize na kurekodi.