Mchemsho Huanza na Maji

"Mchuzi huanza na mafuta, mchemsho huanza na maji." Maneno hayo aliniambia mama mkwe wangu, huku Njombe, asubuhi moja ya Julai. Ukungu ulikuwa umeshuka hadi uani, na mparachichi ulio hatua kumi tu kutoka mlangoni ulikuwa hauonekani. Yeye alikuwa amekaa kwenye kigoda, amevaa sweta na kujitanda kitenge juu yake, anapuliza mkaa. Mimi ni mtu wa Tanga. Kwetu nyama haipikwi bila nazi au bizari, na kitunguu lazima kikaangwe mpaka kibadilike rangi ndipo tuhesabu kwamba mapishi yameanza. Kuchemsha nilikuona ni kumpikia mgonjwa. Nilikosea, na nilichelewa sana kukubali kwamba nimekosea.

Mafuta yana huruma. Nyama iliyolala buchani, kitunguu kilichoanza kuchipua, nyanya zisizoiva sawasawa, vyote hustirika ndani ya rojo la viungo. Maji hayamstiri mtu. Katika mchemsho kila kitu kinaonekana na kila kitu kinaonjeka, na haraka ya mpishi nayo inaonjeka. Leo nikiulizwa chakula gani kinampima mpishi, sitaji pilau wala biriani. Nataja chungu kimoja cha nyama ya ng'ombe, viazi, karoti, ndizi na kabichi, kilichopikwa kwa maji na chumvi, kikaliwa na watu saba wakasaza.

Kazi inaanzia buchani. Muuzaji wetu ananijua sasa, lakini mwanzoni kila nilipofika alinyoosha kisu kwenye steki, akidhani ananiheshimu. Steki ni nyama ya kukaanga. Ukiichemsha saa tatu inakuwa nyuzi kavu zinazoganda kwenye meno. Nyama ya mchemsho ni ile ya mguuni, pale kwenye muundi, yenye kano nyeupe zilizopita katikati, nyama ambayo ng'ombe ameifanyia kazi maisha yake yote akipanda na kushuka milima. "Nipe muundi, kilo moja na nusu, na mfupa unipasulie," namwambia. Anauweka juu ya gogo, anapiga shoka mara mbili, na uboho unaonekana ndani, wa rangi ya waridi iliyopauka. Kano zile zina kolajeni, na kolajeni ikipata joto la taratibu kwa muda mrefu huyeyuka ikawa ute. Ute huo ndio unaoipa supu uzito, ukinywa midomo inanata kidogo.

Nyama inawekwa kwenye maji ya baridi. Maji yanapopanda joto polepole, protini za nyama na za damu iliyobakia huachia na kuelea juu, povu la kijivu lisilopendeza. Hapo mpishi haruhusiwi kuondoka. Mama mkwe hushika upawa kwa mkono wa kulia na bakuli la maji safi kwa wa kushoto. Anaupitisha upawa pembeni mwa chungu, kule povu linakojikusanya, analichota bila kuchota supu, anausuuza upawa bakulini, anarudi tena. Nimewahi kuhesabu, mara kumi na moja. Kufikia ya saba povu limekuwa jeupe na jepesi, mwishowe linakoma, na maji yanabaki angavu hata ukiinama unaona mifupa chini. Mtu anayekoroga povu lile lirudi ndani supu yake itakuwa na tope, na hakuna kiungo cha kulitoa.

Baada ya hapo anatia vitunguu maji viwili vizima, kipande cha tangawizi kilichopondwa, punje chache za kitunguu saumu, na chumvi kidogo. Basi. Vile vidonge vya supu vya dukani havijawahi kuingia katika chungu chake, na vyangu niliacha kuvinunua. Vinafanya kila supu ya kila nyumba iwe na ladha moja.

Sasa niseme habari ya Jumapili yangu ya kwanza, maana bila hiyo nisingejua ninachokisifu. Nilikuwa bi harusi wa mwezi mmoja, nikajitolea kupika peke yangu. Nilikoka moto mkali, chungu kikatokota mpaka mfuniko ukacheza. Nikakamulia ndimu mbili mapema, kama ninavyofanya kwa samaki, kisha nikatia viazi. Baada ya saa moja na nusu nikapakua. Nyama ilikuwa ngumu. Viazi, ambavyo Njombe ndiko kwao, vilikuwa na moyo mgumu katikati kama vimetoka shambani dakika ile. Baba mkwe alitafuna kwa muda mrefu bila neno, akamaliza bakuli lake lote, akasema, "Ahsante, mwanangu, umetulisha." Upole ule uliniumiza kuliko lawama.

Jioni mama mkwe aliniita jikoni. "Huku kwetu maji yanachemka mapema," aliniambia. "Ukiyaona yanachemka, usiyaamini." Hakusema zaidi. Baadaye nilielewa kwamba alikuwa ametamka fizikia nzima kwa maneno hayo machache. Mji wa Njombe upo karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari. Hewa ni nyepesi, kwa hiyo maji yanayochemka Tanga kwenye nyuzi 100 za Selsiasi, hapa yanachemka kwenye nyuzi 93 hivi. Yanaruka na kufoka vilevile, lakini joto ni pungufu, na kuongeza mkaa hakuyapandishi. Kinachofidia ni muda peke yake. Halafu moto mkali hukaza nyuzi za nyama na kuzikamua utomvu wake, na ndimu nayo huzuia kiazi kulainika, maana asidi hukaza kile kinachoshika kuta za chembe zake. Nilikuwa nimefanya makosa yote matatu kwa mkupuo mmoja.

Tangu siku hiyo nasikiliza. Chungu kikipiga kelele, moto umezidi. Kinatakiwa kunong'ona, kiputo kimoja hapa, kimoja kule. Mama mkwe hufukia nusu ya mkaa kwa majivu, anasukuma kimlango cha jiko mpaka kibaki kama upana wa kidole, kisha anakaa kuchambua njegere au kusuka ukili. Kumbe saa tatu za mchemsho hazimfungi mtu, zinampa nafasi ya kufanya kazi nyingine karibu na moto. Ninalo sufuria la presha, na siku za kazi ndilo linaloniokoa, silisemi vibaya. Linalainisha nyama kwa dakika 45. Lakini ndani yake siwezi kuona, siwezi kuonja, wala siwezi kutoa povu lililochelewa.

Chungu chenyewe ni cha Wakisi wa Ikombe, kule ufukoni mwa Ziwa Nyasa, jirani na Matema, ambako akina mama wamefinyanga vizazi na vizazi na kazi yao ikapanda mpaka huku milimani. Ni chembamba kuliko unavyotarajia, chekundu juu, cheusi chini kwa miaka ya moto. Udongo unapata joto polepole na kulitunza, hivyo ukikiepua bado kinanong'ona kwa muda. Mapishi ya mwisho ya kabichi yanafanyikia hapo, nje ya moto kabisa.

Maana mboga nazo zina zamu zao, na hapa ndipo wengi wanapoharibu. Wanatupia vyote pamoja, wanapata uji wenye vipande. Nyama ikishaanza kuachia mfupa, viazi na karoti vinaingia, vimekatwa vikubwa, kiazi mara mbili tu. Zinafuata ndizi mbichi za Tukuyu, zilizomenywa kwa mikono iliyopakwa mafuta ili utomvu usinate, zikalowekwa zisiwe nyeusi. Baada ya dakika kumi, ngogwe nzima. Kabichi inakuja mwisho kabisa, na hoho juu yake, na pilipili mbuzi moja isiyopasuka, inayoachia harufu bila kuachia ukali. Hapo chungu kinaepuliwa, kinafunikwa. Ndimu inasubiri mezani, kila mtu ajikamulie.

Wachaga wana mtori wao, ambamo ndizi hupondwa mpaka zikaungana na supu, chakula cha kumwinua mama aliyejifungua. Niliulishwa nilipojifungua kifungua mimba wangu na ninaushukuru hadi leo. Mchemsho ni undugu mwingine. Karoti inabaki karoti, kiazi kinabaki kiazi, ila kila kimoja kimekunywa kitu kutoka kwa mwenzake. Kata ndizi ya mchemsho kwa kijiko, utaona ukingo wake umeng'aa kwa ute wa muundi na katikati bado ina ladha yake ya shambani.

Na katika chungu kimoja kila mtu nyumbani ana chake. Baba mkwe, ambaye meno yanamsumbua, anapewa viazi na nyama iliyoachia mfupa. Binti yangu mkubwa anavizia ngogwe. Mume wangu anataka supu tupu kwanza, kikombe kizima, kabla hajagusa kijiko. Mfupa wenye uboho huenda kwa aliyeumwa wiki hiyo, na kama hakuna aliyeumwa, kwa mdogo kuliko wote. Mama mkwe anapakua mwenyewe, hakosei, wala hajawahi kuuliza nani anataka nini.

Kinachobaki hulala chunguni, jikoni, bila friji. Baridi ya Julai inatosha. Asubuhi kitinda mimba wangu hutangulia kuamka ili afunue mfuniko kabla ya watu wengine. Supu imeganda usiku kucha, imetulia, mafuta membamba ya njano yametanda juu. Anachomeka kijiko katikati na kukiachia, kinasimama wima chenyewe. Anapiga kelele kutuita. Mama mkwe anaweka makaa matatu tu jikoni, anakalisha chungu, na sote tunakizunguka na vikombe vyetu mikononi, tukisubiri kijiko kianze kuinama.